Migahawa yaongezeka Mji Mkongwe, familia zitapungia wapi upepo?

JUA likianza kushuka nyuma ya majahazi, bustani ya Forodhani hujaa upesi. Familia huja kwa miguu kutoka Malindi na Mkunazini, nyingine kwa daladala kutoka Mwanakwerekwe, Jang'ombe na Magomeni. Mama huwa amebeba chupa ya chai na kibakuli cha visheti, endapo mambo yatakuwa magumu. Baba amemshika mkono yule mdogo. Wakubwa wameshatangulia kwenye ukuta wa bahari, kwani maji yakijaa vijana huanza kujitupa, na mtoto gani wa Unguja hataki kuona nani atapinduka mara mbili kabla ya kugusa maji?

Hatua chache kutoka hapo taa za aina nyingine zinawashwa. Meza zina vitambaa, glasi zimepangwa, na mhudumu amesimama mlangoni ameshika orodha ya vyakula. Hapo ndipo mtoto mmoja huuliza: baba, sisi pale tunakwenda lini?

Swali hilo si geni, ila sasa linaulizwa mara nyingi zaidi kwa sababu "pale" zimekuwa nyingi. Kuanzia Malindi, kupita Mizingani, Forodhani hadi Shangani, nyumba zilizokuwa maghala, ofisi au makazi ya watu zimekuwa migahawa. Mingine iko chini kwenye ukumbi, mingine imepanda juu ya paa, na upo hata uliosimama juu ya nguzo ndani ya maji. Kila mmoja unauza chakula, lakini kitu cha kwanza unachouza ni ile nafasi ya kukaa ukitazama bahari.

Kwa mgeni, nafasi hiyo ni starehe ya likizo. Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe ni jambo jingine. Nyumba za huko ni ndefu na nyembamba, vichochoro ni vyembamba zaidi, na joto la kaskazi likiingia mwezi wa Januari halitoki hadi masika. Watu wamezoea tangu enzi na enzi kutoka jioni kwenda kupunga upepo. Ukuta wa bahari ndiyo sebule ya nyumba zisizo na sebule. Wachumba wametazamana hapo, wazee wamepatana hapo, na mama aliyeshinda jikoni kutwa nzima amepata hapo nusu saa ya kukaa bila kuitwa.

Mbele ya mji haikuwa ya kila mtu

Wanaolalamika kwamba zamani ufukwe wote ulikuwa wa wananchi wana haki ya kulalamika, lakini historia haiko nao moja kwa moja. Jina lenyewe linasema: forodha ni ushuru wa bidhaa, na Forodhani palikuwa mahali pa kuutozea. Mabanda ya forodha yalikuwa hapo, na mali iliyoshuka kutoka majahazini ilipita hapo. Pembeni yake yalikuwa majumba ya wafalme. Beit el Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash, ikitazama bahari ili kila anayeingia na chombo aione kwanza. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba hayo kwa muda usiofika hata saa moja. Mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kukaa pale kula muhogo.

Bustani ilikuja katikati ya miaka ya 1930, baada ya shughuli za bandari kuhamia Malindi. Ilipewa jina la jubilei, lakini watu wakaendelea kuiita Forodhani, na jina lao ndilo lililobaki. Wauzaji wa vyakula walijikusanya kidogo kidogo, kwanza kwa taa za karabai, baadaye kwa umeme. Ilipochakaa, Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliifanyia matengenezo makubwa na ikafunguliwa tena mwaka 2009, ikiwa na ukuta wa bahari uliotengenezwa upya, taa, njia za kutembea, sehemu ya watoto kucheza na mahali palipopangwa kwa ajili ya wauza vyakula.

Kwa hiyo haki ya familia kukaa pale bila kununua kitu ni ya miaka isiyofika hata mia. Ni mali changa, na mali changa hulindwa.

Kwa nini migahawa inapenda nyumba kuukuu

Wageni ni sababu ya kwanza. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000 kutoka nje, na mwaka 2024 zaidi ya 700,000. Wengi wao hulala kwenye hoteli za Nungwi, Paje na Kiwengwa, lakini ni nadra kukosa siku moja au mbili za Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgeni wa siku moja atakula walau mara moja, na atataka kula akitazama machweo.

Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni nyumba zenyewe. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, kwa hiyo chumba kikawa chembamba, na ndiyo maana migahawa mingi ya huko hupanga meza kwa mstari mmoja kama madawati ya darasa. Mawe na chokaa hupumua. Vikivuja maji, ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza taratibu bila mtu kuona, hadi siku sakafu inapoinama. Kuitengeneza nyumba ya namna hiyo kunataka fundi anayejua chokaa na fedha ambazo familia nyingi zilizorithi nyumba hizo hazina.

Mji ulioneshwa gharama ya uchakavu kwa namna isiyosahaulika. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Tangu hapo, mwenye nyumba anayepata mpangaji wa mgahawa aliye tayari kutengeneza paa huona amepata bahati. Na mara nyingi ni kweli: zipo nyumba mbele ya bahari zinazosimama leo kwa sababu tu kuna mtu anauza kahawa na pweza ndani yake.

Lakini mgahawa huleta jiko, na jiko huleta maji. Mabomba, masinki, matangi juu ya paa, majokofu mazito juu ya sakafu iliyotengenezwa ili ibebe kitanda na kabati. Mgahawa ukiendeshwa na mtu anayeelewa, jiko huwekwa chini na mabomba hupitishwa mahali yanapoonekana yakivuja. Ukiendeshwa na mtu mwenye haraka ya msimu, rangi ya plastiki hupakwa juu ya chokaa, ukuta ukashindwa kupumua, na baada ya miaka michache unabanduka vipande vipande. Mteja anaweza kuona tofauti hiyo akiinua macho tu. Madoa ya unyevu kwenye dari ni taarifa tosha.

Baba na orodha ya vyakula

Turudi kwa yule mtoto na swali lake. Kinachomzuia baba si bei peke yake. Kinachomtia hofu ni kukaa, kufunguliwa kitambaa, kuletewa maji ya chupa ambayo hakuyaagiza, kisha kufungua orodha mbele ya watoto na kugundua kwamba fedha ya mfukoni inatosha watu wawili kati ya watano. Kusimama na kuondoka baada ya hapo ni fedheha ambayo mtoto ataikumbuka kuliko chakula. Ndiyo maana wengine husema tu kwamba chakula cha pale hakina ladha. Wanajilinda.

Fedheha hiyo inaepukika. Migahawa mingi ya mbele huweka orodha yenye bei mlangoni, na kuisoma hakumlazimishi mtu kuingia. Kuuliza kama bei imeshachanganya kodi na huduma si ushamba. Wageni wenyewe huuliza. Zamani bei nyingi zilitajwa kwa dola, na mtu wa hapa akawa anapiga hesabu kichwani huku anatabasamu. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma nchini Tanzania kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mteja ana haki ya kuoneshwa shilingi, na aitake.

Pia si lazima kwenda kula chakula cha usiku. Familia inaweza kuingia saa kumi jioni, ikaagiza juisi, chai ya viungo na sahani mbili za vitafunio vya kugawana, ikatazama jua likizama, kisha ikateremka bustanini kula kwa bei yake. Watoto wamekaa pale walipotaka kukaa, na baba hakutoka jasho.

Suala la pombe nalo lisifichwe. Kwa familia nyingi za Zanzibar hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei. Ipo migahawa ya mbele ya bahari isiyouza kabisa, na ipo ambayo baa ndiyo kazi yake kuu baada ya machweo. Mhudumu ataulizwa mlangoni, si baada ya meza ya jirani kuanza kugonga glasi. Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika yenyewe: mchana migahawa mingi hufungwa au huhudumia nyuma ya pazia, na usiku, baada ya futari na tarawehe, Forodhani huwa ya wenyeji kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Sinia za Forodhani nazo zina yake

Wapo wanaoitazama bustani kama mahali pa wanyonge na migahawa kama mahali pa wanyonyaji. Si hivyo. Meza za Forodhani nazo zinajua kuchagua sura. Mwenye kamera shingoni hutajiwa bei yake, na mama mwenye baibui hutajiwa nyingine. Hilo watu wamelizoea, lakini kuna jambo la usalama wa tumbo ambalo wazazi hulisahau kwa sababu ya harufu nzuri.

Mishikaki ya pweza, ngisi, kamba na jodari hupangwa juu ya meza ikiwa imeshapikwa nusu, chini ya taa, kwenye joto. Isiyouzwa mapema hukaa, na ikinunuliwa hurudishwa jikoni ipashwe. Anayeijua Forodhani hapiti kwenye meza yenye kilima kikubwa. Huenda kwenye meza ambayo sinia lake linaisha na kujazwa, kisha husubiri kipande chake kiwekwe juu ya makaa hadi kitoe moshi. Hasa kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito, bora kitu kinachopikwa kuanzia mwanzo mbele ya macho.

Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, kwa mfano, haina uhusiano na Italia zaidi ya jina. Ni unga uliokandwa na kunyooshwa mwembamba kama chapati ya kusukuma, ukawekwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga na yai, ukakunjwa kama bahasha na kukaangwa. Inatoka ikiwaka moto na mtoto huiona ikizaliwa. Urojo nao una shibe: bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo, mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe au ndimu, na chatne juu yake. Bakuli moja la urojo na glasi ya juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu bado ni mlo wa jioni ambao mfanyakazi wa kawaida anaweza kuununua bila kwenda kuomba mkopo.

Ukweli ambao migahawa mipya imeanza kuuelewa ni kwamba chakula hicho ndicho mgeni anakitaka. Orodha zilizokuwa zimejaa tambi na vipande vya kuku sasa zina pweza wa nazi, boko boko, mkate wa kumimina, hata urojo ndani ya bakuli la kauri. Kuna anayecheka akiona bei yake. Lakini mpishi aliyeajiriwa kuupika, mara nyingi mama aliyejifunza kwa bibi yake, analipwa kwa ujuzi ambao zamani ulihesabiwa kuwa si kazi.

Samaki anakwenda wapi

Gharama ya migahawa haiishii kwa anayeingia. Inafika jikoni kwa asiyewahi kuvuka mlango wake. Samaki bora, kamba kochi, nguru na kolekole wakubwa, hupata mnunuzi wa hoteli au mgahawa kabla sinia halijafika sokoni. Pweza huchokolewa na wanawake wa mashamba ya kusini na mashariki wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali na miamba ikabaki wazi, na wakati wa maji mafu hupungua. Zamani pweza alikuwa kitoweo cha wavuvi wenyewe. Sasa yule mwanamke aliyemchokoa hufikiri mara mbili kabla ya kumpika, kwani akimuuza atanunua mchele na daftari za shule.

Hilo si baya kwa kila mtu. Ni baya kwa mnunuzi wa mjini mwenye mshahara usiopanda na msimu. Yeye hushukia kwenye vibua na dagaa, ambao kwa bahati nzuri ni chakula chenye nguvu kuliko sifa yao, hasa kwa watoto wanaokua, kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake.

Kijana wa nyumbani mwenye sare

Mabadiliko makubwa zaidi ndani ya familia hayamo kwenye sahani. Yamo kwa binti au kijana anayerudi nyumbani saa tano au saa sita za usiku akiwa na sare ya mgahawa. Kazi hizo zinapatikana, na wengi huanzia hapo baada ya shule au chuo cha utalii. Wazazi wengi huzikubali kwa shingo upande. Wanahofia usiku, wanahofia pombe, wanahofia maneno ya majirani, na kwa binti hofu hizo huzidishwa mara mbili.

Kumkataza moja kwa moja mara nyingi huzaa uongo: binti anasema anasoma ziada, kumbe yuko zamu. Familia zilizofanikiwa zimefanya kitu kilicho rahisi. Baba au kaka amekwenda mchana, akamsalimu msimamizi, akaona jiko, akajua zamu zinaisha saa ngapi na nani anawarudisha wafanyakazi nyumbani. Mwajiri akijua kwamba mfanyakazi ana wenyewe, adabu huongezeka. Mwajiri anayekasirika kwa kutembelewa na mzazi ameshajibu swali ambalo mzazi hakuwa amelitoa.

Mkataba ndio usiosahauliwe. Migahawa ya bahari huishi kwa msimu. Julai na Agosti, kisha Disemba hadi Februari, watu hawatoshi. Aprili na Mei mvua za masika zikishika, wageni hupungua, baadhi ya milango hufungwa, na kijana asiye na maandishi huambiwa apumzike nyumbani bila kuambiwa kama atalipwa. Mwenye mkataba anajua haki yake ya likizo na ya taarifa kabla ya kusimamishwa. Na bahashishi za msimu mzuri, kama mama wa nyumba ni mwerevu, huwa zimeshaingia kwenye kibubu au upatu kabla mvua haijaanza.

Kilichobaki bila bei

Hadi leo hakuna anayelipa kuketi ukutani Forodhani. Mtu anaweza kuja na chai yake, akakaa hadi usiku na asiulizwe kitu, labda na paka. Vijana hujitupa baharini bila tiketi, na wanaokula juu kwenye mapaa, waliolipia machweo, huishia kuwatazama wao.

Wasiwasi wa wakaazi uko kwenye vipande vidogo: meza mbili zilizoongezwa nje ya mlango, kamba iliyofungwa kuzunguka ngazi ya kuteremkia maji, mlinzi anayewaambia watoto wasicheze mbele ya wateja. Hakuna hata kimoja kinachotangazwa. Huanza kama jambo la msimu mmoja, na kisipoulizwa huwa desturi. Hoteli kubwa iliyofunguliwa Shangani mwaka 2015 katika jumba la Mambo Msiige ilizua mjadala hadi kwenye vikao vya UNESCO, kwa sababu ukubwa wake ulionekana na kila mtu. Kamba ya ngazi haina wa kuijadili zaidi ya wale watoto. Masheha wa shehia za Mji Mkongwe hupatikana, na mzazi anayekwenda kuuliza kwa utaratibu hahitaji kuwa na ugomvi na mtu.

Saa nne za usiku watoto wameanza kusinzia. Chupa ya chai imeisha, visheti vimerudi nyumbani nusu, kwa sababu pizza ilinunuliwa moja, ikakatwa vipande vinane. Mkamua miwa anaosha mashine yake. Juu kwenye mapaa taa bado zinawaka, na mhudumu aliyemaliza zamu anateremka ngazi, amevua tai na kuitia mfukoni, anakwenda moja kwa moja kwa mama wa urojo kabla hajafunga sufuria. Anajaziwa bakuli bila kuagiza, bajia mbili za ziada, na anakwenda kulila ukutani, miguu ikining'inia upande wa maji.